Kona ya Kwa Shangazi

Tarehe 9 Februari

Kwako mwanangu Rula,

Salamu nyingi zikufikie. Hujambo? Mimi nipo, napumua, nakula nikikumbuka. Ule mgongo wangu uliokuwa ukilalamika kila siku umeona wenzake wanaumia zaidi, umenyamaza.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu wameichukua wapelelezi. Wanasema ni kidhibiti. Simu yenyewe unaijua, ile niliyoifunga kwa mpira isifumuke, sijui watagundua nini humo. Walinikalisha kituoni siku kadhaa, wakaniuliza mambo mengine ambayo ndiyo kwanza nayasikia kutoka kwao, mwisho wakaona mama huyu hajui kitu, wakaniachia. Waliniuliza pia kama nina ndugu humu mjini. Nikawaambia nilikuwa na kaka mmoja tu, naye ameshakufa. Baba yako kweli amekufa. Sikusema uongo, ila sikuendelea.

Sasa nikuulize neno ambalo limenila tangu siku ile. Wewe asubuhi unapitia stendi kuu kwenda kazini. Mdogo wako alipoingia pale na lile begi la bomu, ulikuwa wapi? Kule kituoni kila wakiniuliza maswali yao, mimi nilikuwa na langu: je, huyu niliyemzaa amemuua yule niliyemlea? Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nilipotoka ndipo nikakuona kwenye televisheni ya dukani, umesimama nyuma ya mkurugenzi wenu na makaratasi mkononi, mnaeleza jinsi ninyi wapanga miji mtakavyolinda mji usishambuliwe tena. Nikapiga kelele, "Yupo!" Watu wote dukani wakageuka, wakaona kumbe ni mimi, wakaanza kutoka mmoja mmoja. Hata mwenye duka alitamani kutoka, basi tu duka ni lake.

Aibu mimi nilikuwa siijui, mwanangu. Nilidhani aibu ni kuanguka njiani nguo ikapanda. Siku hizi naenda bombani jua likiwa la utosi ili nisikute watu, na nikiwakuta, maongezi yanakatika kana kwamba mtu amezima redio. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: hawanisemi usoni, lakini methali hiyo naisoma migongoni mwao. Wewe nilikulea na yeye nilimlea, kwa mikono hii hii. Basi waje wanionyeshe nilipokosea kwa mmoja na nilipopatia kwa mwingine.

Anayenisalimia ni Mama Pacha peke yake, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ndiye atakayekuletea barua hii, maana anafagia kwenye jengo linalotazamana na ofisi yenu. Sitaki kitu kwako. Niandikie mistari miwili tu nijue uko mzima.

Ni mimi,
Shangazi yako

*

Tarehe 2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini umeamka salama na mgongo umeendelea kunyamaza. Mimi ni mzima wa mwili. Siku ile nilichelewa kuamka, ndiyo pona yangu. Nilipokaribia stendi watu walikuwa wanakimbia kuja upande wangu, nami nikageuka nikakimbia nao bila kujua tunakimbia nini.

Barua yako imekaa kwenye mfuko wa koti langu siku nyingi, na sina kisingizio. Niliogopa. Baada ya shambulio, sisi wa idara ya mipango miji tulitakiwa kutamka kwa maandishi kama tuna undugu na yeyote miongoni mwa washambuliaji. Mdogo wangu alitumia jina la baba yake, mimi natumia la baba yangu. Na mtaani kwenu mlihamia mimi nikiwa bweni, hawanijui. Hakuna awezaye kutuunganisha. Nikaandika "Sina." Nilijiambia nikisema ukweli nitatolewa kazini siku hiyo hiyo, na kazi hii nimeisomea kwa jasho lako.

Kazi yenyewe sasa hailali. Stendi tumeizungushia vizuizi vya zege gari lisiweze kuingia kwa kasi. Mabenchi tumeyang'oa ili mtu asiache mzigo chini yake. Mti mkubwa wa pale kwenye vibanda vya tiketi tumeukata kwa sababu ulikuwa unaziba kamera. Wazee waliokuwa wakikaa hapo kusubiri magari sasa wanasimama juani, lakini magazeti yanasema tumefanya kazi nzuri. Mkurugenzi ananiita "kichwa". Kila akinisifu mbele za watu mimi naangalia viatu vyangu, nao wanadhani ni unyenyekevu.

Nakuomba, Shangazi, usije ofisini. Na Mama Pacha akileta barua asiseme pale mapokezi inatoka kwa nani. Unielewe.

Jambo la mwisho. Siku ile magari ya askari yalishindwa kuingia kwenye vichochoro vya mtaa wenu, kwa hiyo imeamriwa ipasuliwe barabara pana ya doria, kutoka barabara kuu hadi mtoni. Nyumba zitakazokuwa kwenye mstari zitabomolewa na wenyewe watahamishiwa pembeni mwa mji. Mchoro nimepewa mimi. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Rula

*

Tarehe 20 Machi

Mwanangu Rula,

Marahaba. Nashukuru kusikia u mzima. Huo usingizi wako niliokuwa nikiuchapa kila asubuhi ya shule, leo naubariki. Mimi sijambo, ila tangu uliponiambia nisiwe na wasiwasi sijapata utulivu. Daktari akikwambia usiwe na wasiwasi, ujue ameshaona kitu.

Wapimaji wamekuja. Vijana wenye vizibao vya kung'aa, na kopo la rangi nyekundu. Wiki ile ya kwanza walichora X kwenye ukuta wangu. Nikasema moyoni, sawa, ni haki. Nyumba aliyotoka mtu yule acha ivunjwe, mimi mwenyewe nikipita mbele ya chumba chake nageuza uso. Nikaanza kufunga vyombo, na Mungu anisamehe, nilijisikia mwepesi.

Juzi wakarudi. Wakapaka chokaa juu ya X yangu, wakaenda kwa Mama Pacha wakachora kwake. Wakaenda na kwa fundi viatu wa upande wa pili wakachora na kwake. Halafu ramani ikabandikwa kwenye ofisi ya mtaa. Wee! Mtaa mzima ulikuwa pale. Hata asiyejua kusoma, kona anaijua. Barabara inatoka barabara kuu imenyooka vizuri, ikikaribia kwangu inapinda, inanizunguka kwa heshima kama napita na sinia kichwani, kisha inanyooka tena mpaka mtoni. Fundi viatu akauliza kwa sauti, "Jamani, hii kona inamkwepa nani?" Wote walinitazama mimi.

Sasa wanasema serikali inailinda nyumba ya muuaji. Wengine wanasema nimelipwa, wengine wanasema mimi ni mtu wa usalama tangu zamani. Mimi! Nisiyeweza kutunza siri ya nani kala mkate.

Wewe jina la Rula nilikupa mimi, kwa sababu hata viatu vya wageni mlangoni ulikuwa unavipanga kwa mstari. Nijibu bila kuzunguka. Kona hii ni yako?

Shangazi yako

*

Tarehe 24 Machi

Shikamoo Shangazi,

Habari za huko? Hapa ni kazi tu.

Ndiyo, ni yangu.

Mstari wa kwanza ulipita katikati ya nyumba yako, kweli. Ulipita sebuleni, hapo unapokalia kile kiti chako cha kamba. Niliutazama kwenye kompyuta mchana kutwa. Nikawaza, mama huyu amemzika mtoto bila hata kupewa mwili wa kuzika, watu hawamsalimii, na mimi niliyekula mikononi mwake nakwenda kumtolea na paa. Nikauvuta mstari kidogo. Kwenye kioo ni upana wa kucha tu. Kwenye maelezo nikaandika kwamba chini ya nyumba yako kuna mtaro wa zamani na udongo wake hauwezi kubeba barabara. Mkurugenzi hakuuliza, akasaini.

Sikujua nyumba ya pili ni ya Mama Pacha. Kwenye mchoro nyumba hazina wenyewe, zina namba tu. Najua hilo si jibu.

Nilidhani nimekutendea wema, Shangazi. Ni kitu pekee nilichoweza kukufanyia bila mtu kujua.

Mwanao,
Rula

*

Tarehe 27 Machi

Rula,

Sijambo. Salamu ziishie hapo leo, nina hasira.

"Bila mtu kujua." Hilo ndilo neno lililoniumiza, kuliko hata X. Wema gani huo unaofanywa kama wizi? Mwaka mzima ukija kwangu mara moja ni bahati, nayo giza likishaingia, unakunywa chai umesimama, unaangalia saa. Nilikuwa nasema ni kazi nyingi. Mtaa huu kwako haukuwa na heshima ya kutosha hata kabla ya mdogo wako kuuchafua, nami nililijua hilo nikajifanya sijui. Leo umenikumbuka kwa kalamu, na kalamu yako imemtoa nje mtu aliyenichotea maji wakati hata bomba linanionea haya.

Unajua Mama Pacha alisema nini alipoona X ukutani kwake? Alisema, "Basi, jirani, nitakuwa mbali, utachotewa maji na nani?" Hivyo tu. Hana habari kwamba barua anazobeba kifuani ndizo zinazombomolea. Na hii ya leo anakuletea yeye mwenyewe, kwa miguu yake, bila kinyongo. Mpokee ukimtazama usoni kama unaweza.

Mimi sikukuomba paa. Nyumba hii nikiiacha sitaililia. Kinachoniweka hapa ni wale wanaoishi pembeni yake, na ndio hao unaowaondoa. Ukinibakiza peke yangu katikati ya barabara, kila gari la doria likipita litakuwa linanionyesha kidole: huyo hapo, mama yake.

Nyoosha mstari. Mwenyekiti wa mtaa ametangaza kikao cha wananchi na watu wa ofisi yenu tarehe kumi na nane mwezi ujao. Kabla ya siku hiyo uwe umenyooka, upite kwangu ulipokuwa unapita. Sikuombi, nakuagiza, kama nilivyokuwa nikikutuma dukani.

Shangazi yako

*

Tarehe 11 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Natumaini hasira imepungua na afya ni njema.

Nimejaribu. Nilifungua ule mchoro mara nyingi nikaufunga. Kuunyoosha mstari si kazi ya kufuta na kuchora, mchoro umeshasainiwa. Anayetaka kuubadili lazima aeleze kwa nini ulipinda, na akisema ule mtaro haupo, ataulizwa aliusemea nini. Nikivuta uzi huo mmoja nguo yote inafumuka: kona, nyumba, wewe, mdogo wangu, na lile neno "Sina".

Naomba tuvuke kikao kwanza. Baada ya kikao kuna muda wa kupokea malalamiko, fundi viatu na wenzake wakiandika kupinga, mstari unaweza kurudishwa bila mtu kuulizwa sana. Wahimize waandike. Kwenye kikao nitakuwepo mezani na mkurugenzi. Tafadhali tusijuane siku hiyo. Baadaye nitayaweka sawa yote, naapa.

Mama Pacha nilishindwa kumtazama. Nilimwachia mlinzi apokee barua yako.

Mwanao,
Rula

*

Tarehe 19 Aprili

Mwanangu,

Nimeamka salama, kama kuamka huko ni salama. Nakuandikia mambo uliyoyaona mwenyewe, kwa sababu ulikaa mezani ukiangalia makaratasi muda wote, nadhani mengine hukuyaona.

Kwanza, hukuona kwamba nilivaa gauni la bluu, lile ulilonunua kwa mshahara wako wa kwanza. Nilisema, hatujuani, sawa, lakini anione nimependeza. Nilikaa kiti cha pembeni mwa njia. Ulipopita kwenda mezani kiatu chako kiligonga mguu wangu. Ukasema, "Samahani mama," ukapita. Mama! Kama unavyomwambia mwanamke yeyote uliyemkanyaga sokoni.

Fundi viatu alisimama akauliza swali lake lile lile, kona inamkwepa nani. Mkurugenzi wenu akakugeukia wewe mtaalamu ujibu. Ukasema, "Ni suala la udongo." Watu wakacheka, kicheko kile kibaya. Kijana mmoja akapaza sauti kwamba nyumba ya muuaji ina mtu wake ofisini. Mwenyekiti akaona mkutano unaharibika, akanisimamisha. "Mama, useme hapa mbele ya watu wote. Una ndugu yako yeyote katika ofisi hii?"

Mama Pacha alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Wiki hizi ameshaelewa, si mjinga, mtu habebi barua kwenda na kurudi halafu akashindwa kujumlisha. Neno lake moja tu na nyumba yake ingepona palepale. Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akauleta mtandio wake mdomoni akaung'ata, akabaki hivyo.

Nikakutazama. Nilisubiri, Rula. Sikusubiri uitetee kona wala uikane. Nilisubiri unyanyue uso tu. Uligeuza ukurasa.

Nikasema, "Sina." Nimesema sina, na sauti yangu ilitoka imara hata nikaishangaa. Wapelelezi niliwakatia ukweli nusu, lakini hii ya jana ni uongo mzima, nimeusema na gauni lako mwilini.

Tumekanana basi, wewe kwa maandishi na mimi kwa mdomo. Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu, nilikaa chini sebuleni. Nimeona haya kwa ajili ya mdogo wako miezi hii yote, nikadhani hakuna haya nyingine iliyobaki duniani. Kumbe ipo.

Sikuagizi tena kitu. Fanya unavyojua.

Shangazi yako

*

Tarehe 8 Mei

Shikamoo Shangazi yangu,

Sijui kama utaisoma hii. Uhali gani? Nakuuliza nikiwa sina haki ya kuuliza.

Baada ya barua yako nilikaa na homa isiyo na ugonjwa. Kisha nikaenda kwa mkurugenzi nikafunga mlango nikamwambia yote. Kwamba mtaro haupo. Kwamba yule mama wa gauni la bluu ni shangazi yangu, amenilea tangu wazazi wangu walipokufa, na kwamba yule wa begi ni mwanawe, nasi tulikuwa tukilala kitanda kimoja, mimi kichwani na yeye miguuni, mpaka nilipokwenda bweni.

Unajua alisema nini? Alivua miwani akasema, "Ungeniambia mwanzo ningekutoa kwenye mradi huu nikakupa mwingine. Basi." Basi, Shangazi! Nilikukana kwa kuogopa kitu ambacho hakikuwepo. Alikuwa ananihurumia, na huruma yake ilinishinda kuliko kama angenitukana.

Kwa kona lakini hakunihurumia. Amenichukulia kitambulisho, nimesimamishwa kazi, na wapelelezi wamenihoji siku mbili. Niliwajibu kila walichouliza. Wenzangu wa meza za jirani wakiniona korido wanakumbuka kazi nyingine. Ndiyo kwanza najua ile safari yako ya bombani jua la utosi ilikuwaje.

Mstari umenyooshwa. X ya Mama Pacha itafutwa na ya fundi viatu pia. Barabara itapita kwako, kama ulivyoagiza. Tingatinga linakuja tarehe kumi na tano. Nitakuja asubuhi hiyo, mchana kweupe, nisimame nawe mbele ya watu wote na nibebe vyombo vyako kichwani kama ni lazima. Chumba changu nimekitenga, nimenunua na kitanda. Atakayeuliza nitamwambia wewe ni nani kwangu.

Nisamehe.

Mwanao,
Rula

*

Tarehe 13 Mei

Mwanangu Rula,

Marahaba. Hujambo? Mimi sijambo, na leo nasema kwa kweli.

Barua yako nimeisoma, nikamsomea na Mama Pacha. Alilia, kisha akasema kitanda cha kununua bila mwenyewe kukijaribu hakifai. Ndivyo alivyo. Nyumba yake imepona, nashukuru kwa hilo, na umenyoosha kwa mkono wako mwenyewe ingawa ulichelewa. Kazini watakutaka tena siku moja, una kichwa.

Lakini kwako siendi. Usiudhike, nisikilize. Ukija tarehe kumi na tano ukanishika mkono mbele za watu, wewe utapumua. Utarudi mjini ukilala usingizi. Na mimi nitakuwa nimesimamishwa tena, safari hii niwe sabuni yako. Aibu ya mdogo wako nimeibeba kwa sababu yeye amekufa, hana wa kumbebea. Wewe u hai, yako ibebe mwenyewe. Mabega yangu yamejaa.

Nikwambie kitu kimoja usikisahau. Siku ile kikaoni, ulipogonga mguu wangu, ungesema "Shikamoo Shangazi" hata kwa kunong'ona, hata mimi peke yangu nisikie, nisingekuwa na neno na wewe. Mstari ungepinda hata mara saba ningekutetea mpaka kesho. Nilikuwa nimekufundisha kusalimia kabla hujajua kuhesabu.

Naondoka kesho. Nakwenda mahali ambapo mimi ni mwanamke mtu mzima mwenye mgongo mbovu na basi. Sikutajii, na Mama Pacha sikumtajia pia, maana nikimtajia atakuonea huruma. Barua hii nimemwachia akupe ukija. Nyumba nimeifagia. Kile chumba cha ndani nacho nimekifungua, nikakaa humo kidogo, nikamwita mdogo wako kwa jina lake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Kula vizuri. Usilale na njaa kwa ajili ya majuto, hayashibishi.

Shangazi yako

*

Tarehe 16 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sijui pa kuituma hii, naandika hivyo hivyo.

Nilifika jana mapema nikidhani nitakukuta unafunga vyombo. Mama Pacha alikuwa amekaa kizingitini kwako. Akanipa barua yako, akanisogezea kigoda niisomee hapo. Nilipomaliza akaniletea maji.

Tingatinga likaja, na askari, na wenzangu wa ofisini, na mkurugenzi. Mtaa wote ukatoka. Unajua kanuni zetu, au hujui, nikueleze: nyumba haivunjwi mpaka mwenyewe, au ndugu yake, athibitishe mbele ya mashahidi kwamba ndani hakuna mtu. Kanuni hiyo niliwahi kuitetea kazini mimi mwenyewe. Msimamizi akaita jina lako mara kadhaa, hakuna jibu. Akauliza, "Kuna ndugu wa mwenye nyumba hapa?" Watu wakatazamana. Fundi viatu alikuwa amesimama mbele kabisa, mikono kifuani.

Nikasema, "Mimi."

"Undugu gani?"

Nikasema kwa sauti wote wasikie: "Ni shangazi yangu. Ndiye mama aliyenilea. Yule aliyebeba begi ni mdogo wangu." Macho yaliyonigeukia pale, Shangazi, wewe ndiye unayeyajua. Kisha nikaingia nyumba nzima, chumba kwa chumba, nikitazama kila mahali kama kweli ungeweza kuwa umejificha. Palinukia sabuni. Nikatoka nikasema hakuna mtu, nikasaini. Mara ya kwanza nasema mbele za watu kwamba wewe ni wangu, na ndiyo iliyoruhusu nyumba yako ivunjwe.

Msimamizi akataka jambo moja zaidi, la kawaida tu, wanamuuliza kila mtu. Mwenye nyumba amehamia wapi?

Nikasema sijui.

Akadhani hakusikia, na ngurumo ya ile mashine ilikuwa kubwa. Akanisogelea, akauliza tena karibu na sikio, si kwa ubaya: "Umesema ni mama yako. Na hujui aliko?"

Watu wote walikuwa wananitazama, na mara hii sikuangalia viatu. Nikamwambia tena, sijui.

Mwanao,
Rula